Kozi ya ukunga kwenye simu, na jagi la ubuyu la mavyaa

Kwenye somo la nne kuna video ya mama anajifungua, na chini ya picha yanapita maandishi ya Kiswahili. Yakaniambia: "Kichwa cha mtoto kinapotawazwa, weka mkono mmoja taratibu." Nikaisimamisha. Kinapotawazwa? Miaka 11 nazalisha, sijaona mtoto anatoka na kilemba. Nikasogeza mbele, nikaambiwa mama huyu "yuko katika kazi hai". Mbele kidogo tena, nijitayarishe kwa "jukwaa la tatu". Hapo nikaangua kicheko mpaka mavyaa, mama mkwe wangu, akatoka chumbani kuniuliza nina nini usiku wote huu.

Ilikuwa tafsiri ya mashine, na inaonekana hakuna mkunga aliyeipitia. Mkunga yeyote wa hapa Pemba angewaambia kichwa kinachomoza, uchungu umekolea, na hatua ya tatu ni ya kutoka kondo la nyuma. Niliyazima yale maandishi nikabaki na Kiingereza cha msemaji. Atakayeingia kwenye kozi hii namshauri afanye hivyo hivyo. Kwenye somo la kuzalisha utacheka, lakini kwenye somo la dawa neno moja likipinda ni balaa.

Mie ni muuguzi mkunga, nafanya kazi kwenye kituo kimoja wilaya ya Mkoani, upande wa kusini. Tangu nimalize kozi hii wenzangu hawaachi kuniuliza inafaa au haifai, wengine wananipigia nikiwa zamu. Naandika mara moja basi, tusomeane. Jina la kozi sitalitaja, kwa sababu mie na wenyewe tuna ugomvi wa cheti usiokwisha, na sitaki kumsema mtu wakati kesi bado iko njiani. Yatosha kusema inatolewa na taasisi ya nje, kuingia ni bure, ina sura 9 za ukunga na afya ya uzazi, wiki 12, kila sura ina video, maswali, na darasa la moja kwa moja mara moja kwa wiki. Nilianza mwisho wa Rajabu, nikamaliza Mfungo Mosi.

Ubure wenyewe una masharti. Video zao huwezi kuzishusha ukaziweka, lazima uangalie ukiwa hewani. Kituoni kwetu mtandao unakamata sehemu mbili tu: kwenye ngazi za mlango wa nyuma, na dirishani kwenye chumba cha kujifungulia, ukisimama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sura ya pili na ya tatu nimeisoma nimesimama kama mlinzi, bando linakwisha, picha inazunguka, nalianza upya. Kwa hesabu yangu nimekula bando la elfu 60 na ushee kwa miezi mitatu. Kuna programu ya Safe Delivery App, ya Maternity Foundation ya Denmark, nilikuwa nayo zamani kwenye simu. Ile unaishusha siku moja penye mtandao mzuri, halafu video zake za katuni unaziangalia hata ukiwa katikati ya bahari. Kumbe inawezekana. Hawa wa kozi yangu sijui kwa nini hawakufikiria kwamba wakunga wanaofanya kazi pasipo na mtandao ndio hasa wenye haja na masomo yao.

Darasa la moja kwa moja ratiba ilisema saa 15:00 za Greenwich. Nikahesabu kwa vidole: huku ni 18:00, saa kumi na mbili jioni. Shaabani haikunisumbua. Ramadhani ilipoingia, saa hiyo mie niko jikoni. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, mwalimu anaeleza presha ya ujauzito, na mie nageuza kaimati, huku muhogo wa nazi unataka kukauka jiko la pili. Siku hiyo ndiyo mwalimu akaniita kwa jina nijibu swali. Nafungua kipaza sauti tu, adhana ya msikiti wa mtaani ikaingia darasani nzima nzima. Mwalimu akanyamaza mpaka ikaisha, halafu akasema, fungua kwanza, tutakusubiri. Mwenzetu mmoja wa Sudan akaandika pembeni kwamba kwao jua bado, tumwombee. Yule mwalimu nampa alama zote. Tangu siku hiyo akawa ananirekodia maswali na kunitumia kwa sauti, jambo ambalo kwenye ratiba yao halimo.

Nije kwenye masomo yenyewe.

La kifafa cha mimba ndilo limetengenezwa na mtu anayejua kazi. Sie skulini dozi ya magneziamu, dawa ya kifafa hicho, tuliikariri kwa kuimbiana, ukiulizwa usiku unaimba, na ukisahau ubeti umepotea. Hapa wamekuwekea kwenye skrini chupa ndogo ya dawa ya asilimia 50, bomba la sindano la mililita 20, na maji. Unavuta mwenyewe kwa kidole. Ukivuta mililita 8 za dawa na 12 za maji, unapata gramu 4 za kuingiza taratibu kwenye mshipa. Halafu gramu 10 za matakoni, 5 kila upande. Ukikosea hawakuandikii kwamba umekosea. Wanakuonyesha mama anapumua polepole, polepole, na wewe uhangaike kujua nini umefanya. Ndani ya mchezo huo huo unatakiwa kuhesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, kugonga goti uone kama linashtuka, kupima mkojo usishuke chini ya mililita 30 kwa saa, na kuwa na kalsiamu glukoneti karibu ya kuivunja nguvu ikizidi. Nililirudia mara sita. Mara ya kwanza nilimuua mama wa watu kwenye skrini, na usiku ule sikulala vizuri.

Ila bomba la mililita 20 kwetu ni kama mwezi wa Ramadhani, ukiandama unapongezana. Tunatumia mawili ya 10. Kozi haina habari hiyo. Nikaandika kwenye sehemu ya maoni: tufundisheni kwa mabomba mawili pia. Hakuna aliyenijibu.

Mikao ya kujifungua wameieleza kwa dakika chache tu, lakini nyumbani kwangu ilizua kesi. Mavyaa wangu alikuwa mkunga wa jadi, amezalisha nusu ya kijiji kabla sheha hajaanza kuwakataza. Alikuwa kakaa nyuma yangu anachambua mchicha, simu inaonyesha mama kachutama, ameshika kitanda, mkunga yuko chini yake. Msemaji anasema mama apewe hiari ya mkao anaoutaka, na kweli Shirika la Afya Duniani limeiweka hivyo kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018. Mavyaa akaacha mchicha.

"Hebu rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Si ndivyo tulivyokuwa tukizalisha sie? Mkaja nyie na vitanda vyenu, mkawalaza watu chali kama papa mnadani, mkatucheka."

"Mama, sikukucheka mie."

"Wewe hukuwapo. Lakini ni nyie nyie."

Sikuwa na jibu. Nimesomeshwa kumlaza mama chali kwa sababu mie ndiye naona vizuri, mgongo wangu hauumi. Kesho yake nikamwachia mzazi mmoja achutame kando ya kitanda, nikatandika mpira na kanga chini, na goti langu ndilo lililopata tabu. Mtoto alitoka salama, na mama hakuchanika. Mmoja huyo hathibitishi kitu, najua, ila sasa nawauliza.

Sasa somo la damu. Kama ungeniambia nichague moja, niache mengine yote nane, ningechukua hili, ingawa lilivyofundishwa mwanzoni lilinikera.

Wanakuonyesha picha za shuka nyeupe na pedi zenye damu, unakisia ni kiasi gani. Mpaka mwisho nilikuwa napata 9 kwa 10 na najiona bingwa. Halafu nikakaa nikafikiri: shuka nyeupe kwetu ziko wapi? Mzazi wa huku anakuja na kanga zake, doti mbili tatu, za rangi iliyoiva, zina maua na pindo na jina. Damu ikiingia kwenye kanga ya samawati au ya hudhurungi, huioni. Unaona kanga imelowa, basi. Na mwisho wa zamu naandika kwenye faili "mililita 200". Nimeandika 200 miaka 11. Nikifungua madaftari yangu ya zamani wazazi wote wa Mkoani wamevuja 200, kama walikubaliana.

Nikamwita mwenzangu wa zamu nyumbani Ijumaa moja baada ya sala. Mavyaa alikuwa na ubuyu kachemsha, ule mwekundu wa rangi, mzito. Nikaomba jagi lake la plastiki lenye mistari ya kupimia na kanga nne kuukuu. Nikajificha nyuma ya mlango wa uani, nikamwaga mililita 150 kwenye ya kwanza, 300 ya pili, 500 ya tatu, 800 ya nne, nikazichanganya, nikazitandaza ukumbini juu ya mkeka wa plastiki. Mwenzangu akakisia. Ile ya 500 akaiita 250. Ile ya 800 akasema 400, "na hapo nimezidisha". Tukabadilishana, akamwaga yeye vipimo vyake, nikakisia mie. Nilikuwa mbovu zaidi yake. Kwa macho yangu, mtu anayemaliza damu ni mtu anayeendelea vizuri.

Mavyaa akasimama mlangoni na bakora yake, akitazama ubuyu wake unavyopotea.

"Mnatazama rangi ya nini?" akasema. "Inyanyueni. Kanga ikidondoka bila kukamuliwa, mtu wenu huyo hana usalama."

Tukazinyanyua moja moja. Ya 150 kimya. Ya 300 kimya. Ya 500 ikaanza kudondoka kwenye mkeka, to, to, to. Ya 800 ikamwaga. Tulitazamana na mwenzangu. Sisemi kanga iingizwe kwenye mwongozo wa taifa, maana kanga zenyewe hazilingani, nyingine ni nyepesi kama karatasi. Lakini kizingiti cha kuvuja damu baada ya kuzaa kilichoandikwa vitabuni ni hizo hizo 500, na bibi huyu hakwenda skuli hata siku moja.

Kozi yenyewe inafundisha kutumia mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaowekwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka, damu inatiririkia humo unasoma. Wametaja utafiti mkubwa wa E-MOTIVE uliotoka mwaka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, zaidi ya wanawake 200,000. Penye mfuko na mpango wake, waliovuja damu waligundulika asilimia 93. Penye kukisia kwa macho kama mie, asilimia 51. Na madhara makubwa ya kuvuja yakapungua kwa asilimia 60. Nilipoiona ile 51 nikakumbuka daftari langu la 200.

Mifuko hiyo siku hizo kituoni hatukuwa nayo. Kwa hiyo tunapima uzito. Mizani ya watoto tunayo. Kanga kavu ina gramu mia mbili na kidogo, tunaipima kabla, tunaandika kwa kalamu kwenye plasta tunaibandika pembeni. Ikilowa tunaipima tena, tunatoa. Gramu moja unaihesabu kama mililita moja. Inachukua dakika, si zaidi, na mizani tunaifuta kwa dawa kabla haijalaza mtoto.

Wiki ya pili baada ya Idd alikuja mzazi kutoka Kisiwa Panza, uzazi wa tano. Alijifungua saa nane usiku, kondo likatoka zima, anazungumza, anauliza mtoto ana nywele au hana. Kwa macho ningemwandikia 300, nikaenda kunawa. Mwenzangu akaweka kanga mizanini kwa sababu tulikuwa tumeahidiana. Tukitoa uzito wa kanga kavu, 610. Tukapima tena, 610. Na hapa ndipo kozi ilipotulipa bando letu, kwa sababu imekazania jambo moja: usiende hatua moja moja ukisubiri uone kama ya kwanza imefaa. Kusugua tumbo mji wa uzazi ujikaze, oksitosini ya kuukaza zaidi, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu gramu 1 kabla saa 3 hazijapita tangu kujifungua, dripu, na kukagua kama kuna pahala pamechanika, vyote kwa pamoja. Tulikuwa wawili. Mmoja mkono uko tumboni, mwingine anatafuta mshipa, na mdomo wa kila mmoja unamtajia mwenziwe kinachofuata. Ilisimama. Gari ya wagonjwa kutoka Mkoani ilifika, tukampeleka hospitali ya Abdalla Mzee akaangaliwe, siku ya tatu akarudi kwao kwa boti.

Lawama yangu kwenye somo hilo ni kwamba limebaki nyuma. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo mpya: ukifika mililita 300 na mapigo ya moyo au presha haviko sawa, anza matibabu, usingoje 500. Kozi nimeisoma mwaka 2026 na bado inangoja 500. Nilimwuliza yule mwalimu wangu wa adhana, akakiri, akasema video wametengeneza zamani na kubadilisha kunahitaji pesa. Hebu fikiri, kitu cha mtandaoni kinakuwa kizito kubadilisha kuliko kitabu!

La oksitosini ni dakika 11 tu, nami nalipitisha haraka: ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Kwetu ilikuwa inatolewa asubuhi inawekwa kwenye toroli, inakaa na joto la kaskazi mpaka jioni, halafu ukichoma, mji wa uzazi haujikazi, unalaumu mama kazaa watoto wengi. Sasa inakaa kwenye kibebeo cha chanjo chenye barafu, pembeni ya kitanda. Umeme ukikatika pia tuna pa kuanzia.

Kumsaidia mtoto asiyelia nalo ni zuri, ile dakika moja ya kwanza wanaieleza barabara. Lakini hapa, na kwenye sura ya uzazi wa mpango, ndipo simu inapofika mwisho wake. Kukamua mfuko wa hewa mpaka kifua cha mtoto kinyanyuke kunataka kiganja kijue, na kiganja hakijui kwa kutazama. Kuweka kipandikizi au kitanzi ndiyo kabisa. Maelezo ya kumshauri mteja wamefanya vizuri, wana igizo la mke anayetaka na mume aliye kimya, na ukimjibu mume kwa ukali igizo linakatika. Nimelipenda. Ila mwisho wa sura wanakupongeza kwamba "umehitimu" kuweka vipandikizi. Hapana. Mie nilifundishwa kuviweka na dada mmoja mzoefu, mkono wake juu ya mkono wangu, wateja kumi wa mwanzo hakunibandua macho. Akinijia kijana ana cheti cha simu peke yake, simwachii mkono wa mtu.

Kuna sura ya rufaa, wanaeleza ile nadharia ya mwaka 1994 ya kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Mfano wao ni barabara mbovu na gari. Mwalimu akauliza nani ana mfano wa kwao. Nikaandika: mama yuko Kisiwa Panza, boti ipo, mafuta yapo, mume kakubali, lakini maji yamekupwa. Boti imelala ubavu kwenye tope. Ama mungoje maji yajae, ama wanaume wambebe kwa kitanda cha kamba ndani ya matope mpaka penye kina, halafu ndiyo boti, halafu Chokocho, halafu gari. Tukipigiwa simu, kabla ya yote tunauliza kupwa au kujaa. Darasa lilikaa kimya, halafu mwenzetu mmoja anayefanya kazi kwenye visiwa vya ziwani akaandika: kwetu ni upepo. Tulizungumza sisi wawili nusu saa. Katika darasa zote, ile nusu saa niliipenda kuliko video.

Na hilo linanikumbusha kitu. Zanzibar si wageni wa mambo haya. Mwaka 2009 ulifanyika Unguja utafiti wa kuwatumia wajawazito ujumbe wa simu na vocha za kumpigia mkunga, vituo 24. Waliopata wakajifungua mbele ya mtaalamu asilimia 60, wasiopata 47. Kuanzia 2014 pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ukaja mpango wa PartoMa. Walikaa na wakunga na madaktari wa wodi ile ile wakatunga mwongozo wa kutia mfukoni, unaokubali ukweli kwamba mkunga mmoja ana wazazi kadhaa kwa wakati mmoja, na semina fupi za kila mara. Watoto waliozaliwa wafu wakashuka kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Mwongozo wa mfukoni, si video! Kozi yangu inataja nchi nyingi, hii haiitaji. Na wodi ya kwenye video zao kila mama ana mkunga wake, kila kitanda kina mashine, ukibonyeza kengele daktari anaingia kabla hujamaliza kugeuka. Sie usiku tuko wawili, na mmoja wetu ndiye kengele.

Karatasi mpya ya kufuatilia uchungu, ile ya mwaka 2020 inayoanza kuhesabu uchungu uliokolea mlango wa uzazi ukifunguka sentimita 5, wameifundisha vizuri sana. Kabatini kwetu mpaka namaliza kozi zilikuwa bado zile za zamani za sentimita 4 na mistari yake miwili. Nasoma hivi, najaza vile. Hilo si kosa lao.

Cheti sasa. Kozi bure, cheti dola 35, na kulipa kwa kadi ya benki tu, pesa ya simu hawaitaki. Nani hapa ana kadi ya kununulia vitu ng'ambo? Nilimwomba mtoto wa kaka yangu aliyeko Unguja, akalipa, nikamrudishia kwa simu. Cheti kikaja jina langu la pili limekaa mbele, na la babu limeliwa herufi mbili. Nimeandika barua nne, zote zimejibiwa na mashine, na jibu ni lile lile, kwamba ujumbe wangu ni muhimu kwao. Nilipokwenda kuuliza kama nitahesabiwa mafunzo haya, nikaambiwa kwa upole nilete kwanza cheti chenye jina lililo sawa na la leseni. Haki yao. Kwa hiyo ukitaka kuingia, kabla hujafungua hata somo moja, andika jina lako kama lilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi, na uulize mapema cheti hicho kitapokewa wapi.

Mkunga aliyekwisha kushika kazi, mwenye mwenziwe wa zamu wa kujaribu naye, aingie. Sura ya kifafa na ya damu peke yake zinatosha kulipia bando. Mwanafunzi aliyetoka skuli jana na hana mtu wa kumsimamia, asubiri kwanza, atafute mkono wa kumshika. Na msisome peke yenu. Masomo niliyosoma peke yangu dirishani nusu yake nimeyasahau, niliyosoma na mwenzangu tunayafanya mpaka leo.

Kwa nyota, nawapa tatu kwa tano. Nne zingewezekana kama wangeajiri mkunga mmoja tu wa Kiswahili, siku mbili, apitie yale maandishi.

Cheti bado nakingoja. Jagi la mavyaa liko kituoni, tunalitumia kufundishia wanafunzi wanaokuja mazoezini, na kila Ijumaa ananiuliza lini litarudi. Nimemnunulia jipya Chakechake, akaligeuza geuza, akasema mistari yake haionekani, anataka lile lake.